Octopath Traveler II: Gemu ya Zamu Inayoijua Thamani ya Zamu

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua Octopath Traveler II, gemu ya Square Enix iliyotoka Februari 2023. Nitaitumia pia kujibu swali linaloibuka kila inapotajwa RPG ya zamu, yaani gemu ya kuongoza na kukuza wahusika ambamo wewe na adui mnapigana kwa kupokezana: kuna raha gani kupigana na adui anayesimama kimya akikungoja uchague kwenye menyu?

Wengi hujibu kwamba unapata muda wa kufikiri. Ni kweli, ila haitoshi. Muda wa kufikiri bila jambo la kufikiria unachosha, na zipo gemu nyingi za zamu ambazo kazi yako yote ni kubonyeza shambulizi lilelile mpaka adui aanguke. Gemu ya aina hii inanoga pale zamu yenyewe inapogeuka mtaji: unaweza kuuweka akiba, kuutumia wote kwa mkupuo, kuupoteza kwa uzembe, au kumnyang'anya adui wa kwake. Octopath II imejengwa juu ya wazo hilo tangu pambano la kwanza.

Dragon Quest ilipotoka kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1986, pambano lilikuwa mtu mmoja kwa adui mmoja: unapiga, unapigwa, uhai ukipungua unajitibu. Final Fantasy IV ikaja 1991 na kipimo cha muda kinachojaa huku adui naye akijiandaa, ili usilale kwenye menyu. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakitafuta njia za kuipa zamu uzito, na njia ninayoipenda zaidi ni hii tunayoiangalia leo.

Tazameni skrini. Kabla hujabonyeza chochote, soma vitu vitatu. Juu kuna mstari wa picha unaoonyesha nani atacheza lini, raundi hii na raundi ijayo. Chini ya adui kuna namba ya ngao pamoja na vijisanduku vya udhaifu wake, vyenye alama ya kuuliza mpaka uvifichue. Na kila mhusika wako ana vitone vya BP, yaani pointi za kuongezea tendo nguvu.

Aina za mashambulizi ni 12. Silaha sita: upanga, mkuki, kisu, shoka, upinde na fimbo. Nguvu za asili sita: moto, barafu, radi, upepo, nuru na giza. Ukimpiga adui kwa kitu anachokiogopa, ngao inashuka kwa moja. Ikifika sifuri amevunjika: anapoteza zamu iliyobaki ya raundi hii na raundi nzima inayofuata, na mapigo yanamuumiza zaidi.

BP nazo kila mhusika anaanza pambano na moja, anaongezewa moja kila raundi, mwisho tano. Kwa tendo moja unaweza kutumia hadi tatu. Lakini ukitumia hata moja tu, raundi inayofuata huongezewi. Kwa hiyo kutumia BP mojamoja kila raundi ni hasara, na wanaoanza hufanya hivyo sana kwa kuwa wanaona kitone kimekaa tu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ukiongeza BP tatu kwenye shambulio la kawaida la silaha, unapiga mara nne, na ngao zinashuka nne. Ukiongeza BP tatu kwenye uchawi unaopiga mara moja, uchawi unakuwa mkali zaidi lakini bado ni pigo moja, ngao moja. Mtu anamwaga BP zake zote kwenye moto akitarajia kuvunja, ngao inatoka sita inakwenda tano, kisha anailaumu gemu. Silaha ndizo za kuvunjia. Uchawi mzito unangoja adui akishavunjika.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Adui ana ngao sita, anaogopa upanga na moto. Upande wako kuna Throné mwenye upanga na kisu, Hikari mwenye upanga na mkuki, Osvald mwenye uchawi, na Castti wa kutibu. Mkivumilia bila kutumia BP, raundi ya tano kila mmoja anazo tano. Throné kwa kawaida ana kasi, anatangulia: anatumia moja, upanga unapiga mara mbili, ngao zinabaki nne. Hikari anatumia tatu, anapiga mara nne, adui anavunjika. Osvald sasa anamwaga moto kwa BP tatu, na raundi ijayo bado ana mbili za kuongeza pigo la pili kabla adui hajainuka. Tangu raundi ya tano ianze, adui hajagusa mtu.

Sasa badilisheni kitu kimoja tu: adui yuko mbele ya Throné kwenye mstari wa juu. Amekwisha kushambulia kabla hujamvunja, kwa hiyo unachomnyima ni zamu moja badala ya mbili. Na kama aliyevunja ndiye wa mwisho kucheza raundi hiyo, dirisha lako la kumuumiza limepungua kwa nusu nzima. Mapigo ni yaleyale, BP ni zilezile, lakini matokeo ni mbali kabisa. Hapo ndipo utamu ulipo, na hakuna kidole chepesi kinachoweza kukusaidia.

Dawa ya tatizo hilo ipo kwenye menyu na watu huipuuza: kujikinga. Mhusika anayejikinga huumia kidogo, na raundi inayofuata anasogezwa mbele kwenye foleni. Kwa hiyo raundi ya nne ungewaambia Throné na Hikari wajikinge ili raundi ya tano watangulie. Adui naye ana haki yake: akipona kutoka kuvunjika, anatangulia yeye. Ile raundi anayoinuka msiwe na uhai mdogo.

Kufichua udhaifu ndiyo kazi ya mwanzo wa pambano. Msibahatishe kwa BP. Osvald ni msomi, na uchunguzi wake unaonyesha uhai wa adui na kufichua udhaifu mmoja. Ukiuongezea BP, unafichua zaidi. Ukishaujua udhaifu wa aina fulani ya adui, gemu inaukumbuka mara nyingine mtakapokutana naye.

Kila mhusika pia ana uwezo maalumu unaojaa anapopigwa na anapovunja adui. Wa Partitio, mfanyabiashara, unamjazia BP zote papo hapo. Wa Temenos, kasisi, unamwezesha kushusha ngao hata bila kugusa udhaifu. Wa Throné unampa matendo mawili ndani ya zamu moja. Angalieni jinsi zote tatu zinavyogusa jambo lilelile: BP, ngao, zamu. Watengenezaji walijua walichokuwa wanakijenga.

Kwa kulinganisha tu, Shin Megami Tensei III: Nocturne ya mwaka 2003 inalipeleka wazo hili kwa ukali zaidi. Zamu za kikosi chako ni alama juu ya skrini, moja kwa kila aliyesimama, hadi nne. Ukigonga udhaifu, unatumia nusu ya alama, kwa hiyo nne zinaweza kuwa matendo manane. Ukikosa, au adui akiwa hadhuriki na pigo hilo, zinaondoka mbili. Akilirudisha au akilinyonya, zimekwisha zote. Na maadui wanacheza kwa sheria hiyohiyo dhidi yako. Gemu hiyo haisamehi: shujaa wako akifa, hata wenzake wakiwa hai, pambano limekwisha. Octopath II ni mwalimu mpole kuliko huyo, ndiyo maana ninaipendekeza ianze.

Kasoro zipo, na moja inaudhi kweli. Wahusika ni wanane, kikosi ni wanne, na waliobaki nje hawapati pointi za uzoefu. Uliyeanza naye huwezi kumtoa mpaka hadithi yake iishe, kwa hiyo nafasi za kuzungusha ni tatu tu. Mkishikilia wanne mnaowapenda, mtafika sura ya mhusika wa sita ambaye leveli yake iko chini mno na itabidi mrudi nyuma kumkuza. Zungusheni mapema, kila mnaporudi mjini. Mwisho wa safari utawahitaji wote wanane, sitasema zaidi ya hapo.

Mapambano ya njiani yanazuka bila kuonekana, kwa mtindo wa zamani. Kuna kitufe cha kuharakisha mapigano, kiwasheni mapema kwa maadui wadogo na mkizime kwa mabosi. Ukiingia eneo jipya, gemu inaonyesha kiwango cha hatari. Kikizidi leveli yenu kwa mbali, pita tu.

Hadithi nane zinakwenda kila moja kivyake kwa sehemu kubwa. Zimeongezwa safari za wahusika wawiliwawili, na zinasaidia, lakini anayetaka kundi moja linalosafiri kwa lengo moja tangu mwanzo hatalipata hapa. Na kuelekea mwisho, mkishapata kazi za pili, yaani fani ya ziada kwa kila mhusika, na kuchanganya ustadi, inawezekana kumwangusha bosi kwa raundi moja au mbili. Wengine wanafurahia hilo. Mimi naona fumbo linakufa pale, na nashauri muache mchanganyiko mmoja wenye nguvu mno kando kama mnataka mabosi wa mwisho wawe na maana.

Nani asiinunue? Anayetaka mikono iwe na kazi. Huyo aende kwa Clair Obscur: Expedition 33 ya mwaka 2025, kutoka Ufaransa, ambayo ni ya zamu lakini pigo la adui unalikwepa au kulizuia kwa kubonyeza kwa wakati sahihi. Ni gemu nzuri sana, ila kitufe kilichobonyezwa vizuri kinaweza kufunika mpango mbovu. Octopath II haifuniki chochote.

Inapatikana kwenye Switch, PS4, PS5 na kompyuta, na Xbox ikafuata 2024. Kuna toleo la majaribio lililotolewa bure, la saa tatu, na ulichokihifadhi kinahamia kwenye gemu kamili, kwa hiyo hupotezi kitu. Anzeni na Partitio: hamwezi kumtoa mpaka hadithi yake iishe, na huyu mfanyabiashara anayejijazia BP mwenyewe hakuna pambano ambalo hatafaa. Sura yake ya kwanza ikiisha, kamchukueni Throné kabla ya mwingine yeyote, kwa ajili ya ule upanga unaotangulia.