Kuondoa tarehe na maandishi kwenye video za zamani: uzoefu wangu na delogo ya FFmpeg

Kazi nyingi ninazoletewa hapa Bukavu si video mpya. Ni harusi, ubatizo na misa za shukrani zilizopigwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kamera ndogo za kanda za MiniDV, kisha zikahamishiwa kwenye DVD. Karibu zote zina tarehe na saa kwenye kona ya chini, na mara nyingi tarehe hiyo ni ya uongo, kwa sababu betri ya saa ya kamera ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejali. Mama mmoja wa mtaa wa Nguba aliniambia bila kuzunguka: «Mwanangu, uniondolee hiyo tarehe, maana watoto wanahesabu na kuniuliza kama niliolewa baada ya kumzaa mkubwa wao.»

Chombo nilichokitumia zaidi ni kichujio kiitwacho delogo, kilichomo ndani ya FFmpeg, programu ya bure isiyo na vitufe wala madirisha: unaandika amri, unaiendesha, unasubiri. Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti tena, na anayejua bei ya megabaiti mjini kwetu ataelewa kwa nini nimelitaja hilo kabla ya ubora wa picha.

Kichujio hiki hakitambui herufi wala tarakimu. Unakipa mstatili, yaani unakiambia uanzie pikseli (nukta ya picha) ya ngapi kutoka kushoto na kutoka juu, uwe na upana gani na kimo gani, nacho hufuta kila kilichomo na kuijaza nafasi hiyo kwa kukadiria rangi za pikseli zinazouzunguka. Kwa DVD ya mfumo wa televisheni wa PAL, yenye picha ya pikseli 720 kwa 576, amri yangu huwa na kipande kama hiki: delogo=x=480:y=510:w=200:h=40. Ukiongeza show=1, mstatili huchorewa mstari wa kijani, ukaona kama umeyafunika maandishi yote au umeacha mkia wa tarakimu nje. Maandishi yakiwa yanatokea kwa sekunde chache tu, kuna namna ya kukiamuru kifanye kazi kati ya sekunde fulani na fulani, ili sehemu nyingine za video zisiguswe bure. Picha lazima isimbwe upya, yaani iandikwe upya kuwa faili jipya, lakini sauti inaweza kunakiliwa kama ilivyo kwa -c:a copy, jambo ambalo wenye kwaya hulishukuru.

Matokeo hutegemea kilicho nyuma ya maandishi kuliko kitu kingine chochote. Katika harusi ile ya mama wa Nguba, tarehe ilikuwa imekaa juu ya sakafu ya saruji ya kanisa, na ilipofutwa hata mimi niliyejua mahali pake nililazimika kusimamisha picha ili niuone ukungu mwembamba uliobaki. Lakini wageni walipotoka kupiga picha kando ya Ziwa Kivu, mstatili uleule ukaangukia juu ya mawimbi na upindo wa kitenge chenye maua. Maua yalipoingia ndani yake yaliyeyuka kuwa michirizi, na maji yalionekana kana kwamba kuna kioo chenye mafuta mbele yake. Nadhani doa kama hilo linavuta jicho kuliko tarehe yenyewe. Picha za DVD za namna hii, ambazo mistari yake imefumwa kwa zamu, ni vizuri zipitishwe kwanza kwenye yadif, kichujio kingine cha FFmpeg kinachoifumua mistari hiyo, la sivyo ukadiriaji unachanganya mistari ya nyakati mbili tofauti.

Kwa vipande vigumu nimetumia Content-Aware Fill, chombo cha kujaza sehemu zilizofutwa kilichomo kwenye programu ya kulipia ya Adobe After Effects, kilichoingizwa kwenye programu hiyo mwaka 2019. Hicho huangalia fremu (picha moja moja za video) za kabla na za baada, kikatafuta humo kilichofichwa na maandishi. Kamera ikigeuka polepole, ukuta uliofunikwa sasa utakuwa wazi baada ya kitambo, na kipande cha kweli huchukuliwa kutoka huko. Kamera iliyotulia juu ya miguu mitatu haisaidii kitu hapo, maana hakuna fremu hata moja inayoonyesha kilicho nyuma, na programu inabaki kubahatisha kwa gharama kubwa ya kumbukumbu na nafasi ya diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hasira ni yako peke yako.

ProPainter, programu nyingine ya kufuta vitu kwenye video iliyotolewa na watafiti wa Singapore mwaka 2023, ni ya bure, lakini inadai kadi nzuri ya michoro na leseni yake hairuhusu kazi ya biashara, kwa hiyo mimi ninayelipwa siwezi kuitegemea. Huduma moja ya mtandaoni, ambayo sitaitaja, iliondoa tarehe vizuri kisha ikabandika nembo yake katikati ya picha.

Hata hivyo, siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni kama kanda yenyewe bado ipo. MiniDV huhifadhi tarehe na saa kama data kando ya picha, na maandishi yale yalichomwa kwenye DVD kwa sababu aliyenakili alitumia nyaya za kawaida huku kamera ikiwa imewashwa ionyeshe tarehe juu ya picha. Ukiipitisha kanda kwenye waya wa FireWire, unaopeleka data ya kanda kwenye kompyuta kama ilivyo, picha hutoka safi kabisa, bila kufutwa wala kukadiriwa chochote. Kuna kanda nilizoletewa zikiwa zimefungwa kwenye soksi ndani ya sanduku la nguo, nazo zilicheza.

Nembo za televisheni na majina ya wapiga picha wengine siyaondoi, hata anayeomba akiwa jamaa yangu. Usajili wa After Effects nao ninaulipia ule mwezi tu ambao video zenye kamera inayotembea zimekusanyika za kutosha. Miezi mingine delogo inatosha.