Meza za kuundia modeli nyumbani: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Anayetafuta meza ya kuundia modeli, yaani nakala ndogo za ndege, meli na askari, huuliza kwanza ukubwa, na hilo lingeweza kusubiri. Kwenye meza yoyote, sehemu inayofanyiwa kazi hasa haizidi karatasi ya A3. Kwingine kote hujaa chupa za rangi, fremu za plastiki zinazoshikilia vipande vya modeli na maboksi. Kinachoharibu modeli ni mtikisiko. Jicho la askari wa skeli ya 1:35, yaani mdogo mara 35 kuliko mtu halisi, halifiki milimita 1 kwa upana. Meza ikicheza kidogo tu wakati unalipaka, rangi inaishia shavuni.

Kwa hiyo tumepanga kwa uthabiti kwanza, kimo pili, nafasi mwisho. Ukiwa dukani, keti, weka viwiko vyote viwili juu ya meza, kisha isukume kushoto na kulia. Ikiyumba, chungulia nyuma: mara nyingi utakuta hakuna ubao wala chuma kinachounganisha miguu. Hiyo iache.

1. Meza nzito ya kawaida, sentimita 120 kwa 60

Hakuna iliyoishinda. Kina cha sentimita 60 kinatosha, kwani mkono wa mtu aliyeketi haufiki mbali zaidi bila kuinuka; ukinunua ya 80, sehemu ya nyuma inageuka stoo ya vumbi. Urefu ndio unaofaa kupimwa kwa modeli unazopenda. Manowari Yamato ilikuwa na urefu wa mita 263, yaani sentimita 75 kwenye skeli ya 1:350. Ndege ya mabomu ya B-17 kwenye 1:48 ina mabawa ya sentimita 66, na lazima uweze kuizungusha bila kuangusha taa. Anayeunda ndege moja moja za kivita za 1:72, zenye mabawa ya sentimita 15 hivi, atatosheka na meza ya sentimita 90.

Kasoro yake ni kimo. Meza nyingi za kuandikia zina sentimita 72 hadi 76, na kwa kazi ndogo hivi shingo itakulipisha. Usirefushe miguu, utaleta mtikisiko uleule unaoukimbia. Tengeneza jukwaa la plaiwudi ya milimita 18, lenye upana wa sentimita 45, kina 30 na kimo 10 hadi 12, uliweke pale unapofanyia kazi. Kazi inapanda karibu na macho, mikono inapata pa kuegemea, na chini yake panabaki nafasi ya kusukumia mkeka wa kukatia.

Kagua pia uso wenyewe. Meza nyingi nyepesi zina tabaka la karatasi yenye vitundu kama sega la nyuki ndani. Ukifunga pembeni taa ya mkono wenye klempu, yaani kibano cha skrubu, ubao unabonyea na hatimaye kutoboka. Gonga kwa kidole: mlio wa debe tupu ni jibu tosha. Kama tayari unayo, weka kipande cha plaiwudi juu na chini ya klempu ili kugawanya mkandamizo. Rangi ya uso iwe nyeupe au kijivu hafifu, maana kipande cha shaba kilichochongwa kwa asidi kikianguka juu ya mbao nyeusi hukioni tena.

Gundi nyembamba ya plastiki, ile ya kuyeyusha, inakula vanishi na kuacha alama kwenye mkeka. Weka kigae cha sakafu cha sentimita 30 kwa 30 pale inapokaa chupa. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote mezani, na ndicho watu hukisahau.

2. Kabati lenye ubao wa kushuka

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, paka, au chumba kimoja cha kila kitu, hili linapanda hadi nafasi ya kwanza. Unafunga mlango, kazi inabaki ilivyo, gundi inakauka bila kuguswa. Angalia kinachoshikilia ubao: minyororo au mikono miwili membamba huacha ukingo wa mbele ukicheza. Tafuta lenye mguu wa kutoka chini ya ubao. Usipulizie rangi ndani yake, mvuke utakaa humo siku nzima.

3. Meza ya kupanda na kushuka kwa umeme

Inatatua kimo bila jukwaa. Ila ijaribu ikiwa imepandishwa mpaka pale utakapoitumia. Iliyo imara chini inaweza kuyumba juu. Ukipata yenye miguu ya chuma kinene, ichukue bila wasiwasi.

4. Benchi la seremala

Imara kupita zote, lakini limeundwa kwa mtu anayesimama, na rafu au ubao wa chini huzuia magoti. Linafaa kwa wanaochonga meli za mbao.

5. Meza ya kukunja

Iwe ya kuwekea makopo na vitu vingine visivyohitaji utulivu tu. Si ya kuundia.

Kabla ya kulipa, amua rangi itapuliziwa wapi, kwa sababu kibanda cha kupulizia, yaani boksi lenye feni ya kuvuta ukungu wa rangi, kinahitaji dirisha, na dirisha ndilo litakalokuambia meza ikae ukuta upi. Hewa inatakiwa kuingia kibandani kwa kasi ya takribani mita 0.5 kwa sekunde. Mlango wa kibanda wa sentimita 40 kwa 30 unadai basi mita za ujazo 216 kwa saa, na namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya feni isiyo na bomba wala chujio. Kila kona ya bomba inapunguza nguvu, hivyo lipitishe fupi na nyoofu. Sponji ya kuchuja hunasa chembe za rangi, haizuii mvuke wa kiyeyushi. Kibanda kisichotoa hewa nje hakikulindi na mvuke huo. Kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kupulizia rangi, ikae sakafuni juu ya kipande cha mpira, kamwe isiwe juu ya meza ya kuundia.

Taa nunua mbili, moja kila upande, ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Zote ziwe za joto moja la rangi (kipimo cha mwanga kuwa wa njano au wa buluu), kati ya kelvini 5000 na 6500, la sivyo kijani ulichochanganya usiku kitakuwa kingine asubuhi.

Ukinunua meza iliyotumika, fungua skrubu moja ya mguu. Ikiwa imeingia moja kwa moja kwenye ubao wa chenga za mbao, na meza imeshafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, tundu limelegea na litazidi kulegea. Tafuta yenye nati za chuma zilizozamishwa ndani ya ubao.