Seti ya kadi za Star Trek za mwaka 1976: uzoefu wangu wa kuinunua na kuitunza Mbeya

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiitafuta kadi moja tu, nayo ni namba 6 katika seti ya kadi za kukusanya zenye picha za Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga; seti hiyo ilichapishwa na kampuni ya Topps ya Marekani mwaka 1976. Kadi hiyo ina picha ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga cha Enterprise, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitokana na neno letu la uhuru. Mimi nimezaliwa na kukulia Mbeya, na kulikuta neno la nyumbani katika tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966 kulinigusa kuliko vyombo vya anga vyenyewe. Hatimaye niliagiza seti nzima, kwa sababu kusafirisha kadi moja kulikaribia gharama ya kusafirisha boksi dogo.

Seti kamili ina kadi 88 na stika 22. Mbele ya kadi kuna picha ya rangi kutoka katika tamthilia, na nyuma kuna maelezo yaliyoandikwa kana kwamba ni kumbukumbu za nahodha. Tamthilia yenyewe ilikoma mwaka 1969 baada ya vipindi 79, lakini iliendelea kurudiwa katika vituo vingi na kupata watazamaji wapya, ndiyo maana miaka saba baadaye bado kulikuwa na watoto wa kununua kadi zake. Ziliuzwa katika pakiti za karatasi yenye nta, pamoja na kipande cha bazoka. Neno hilo, ambalo sisi watoto wa Mwanjelwa tulilitumia kwa bablishi ya aina yoyote dukani, ni jina la bidhaa iliyoanzishwa na Topps hiyohiyo, iliyoingia sokoni mwaka 1947. Kadi tatu katika seti yangu zina doa la bazoka mgongoni, nami sikusikitika kuliona.

Kilichonisikitisha ni pembe. Muuzaji aliandika kwamba kadi zote ziko katika hali nzuri sana, akaweka picha moja ya kadi zilizotandazwa mezani, nami nikaridhika nayo. Boksi lilipofika nilikuta kadi namba 1 na namba 88 zina mikato pembeni na pembe zilizofumuka. Sababu yake ni rahisi: watoto wa wakati ule walizipanga kadi kwa namba na kuzifunga kwa rababendi, hivyo ya kwanza na ya mwisho ndizo zilizobeba maumivu ya zote. Kwa hiyo kadi hizo mbili zikiwa safi huuzwa ghali kuliko nyingi za katikati, na mnunuzi anapaswa kuomba picha zake za karibu, mbele na nyuma, kabla ya kutuma fedha. Nilimwandikia muuzaji kwa utulivu, nikaambatanisha picha, naye akanirudishia sehemu ya malipo bila ubishi. Hilo ninampongeza, ingawa maelezo yake ya awali hayakuwa ya kweli.

Suala la kutunza ndilo ambalo ningependa mtu yeyote wa nyanda za juu alizingatie zaidi ya bei. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Novemba hadi Aprili nguo hukaa kamba siku mbili bila kukauka. Anayeishi Tukuyu anaijua hali hiyo maradufu. Karatasi ngumu ya kadi hunyonya unyevu, hujipinda, kisha huota kuvu. Mwanzoni niliziweka katika sanduku la bati lililokaa juu ya sakafu ya saruji, na baada ya wiki chache za masika nikaona stika mbili zimeanza kujikunja. Nilizihamishia kwenye rafu ya mbao iliyoachana na ukuta, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Tangu hapo hazijapinda tena.

Kila kadi iko katika mfuko wake wa plastiki ya polipropilini. Nilikataa mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu kali, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa kemikali zinazoweza kushika wino na kuharibu uso wa picha baada ya miaka.

Nimeulizwa na rafiki wa Iringa kama nitaitafuta pia seti ya Star Trek ya kampuni ya Leaf ya mwaka 1967, yenye kadi 72 za picha nyeusi na nyeupe. Hapana. Zile halisi ni adimu, nakala zilizochapishwa upya ni nyingi, na maelezo ya nyuma mara nyingi hayafanani na hadithi iliyoonyeshwa kwenye televisheni. Fedha niliyorudishiwa nimeitumia kuagiza namba 1 na namba 88 nyingine kutoka kwa muuzaji tofauti, safari hii baada ya kuzitazama pembe zote nane kwenye picha. Namba 6 ilifika bila mkwaruzo hata mmoja.