Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) nilizonunua Wandegeya, Kampala

Mwanangu alipoanza kuharisha nilikimbilia duka la dawa hapa Wandegeya, na pakiti hizi zimeniridhisha kabisa. Unga hauna mabonge, unayeyuka upesi kwenye lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na mtoto alikunywa bila kutema. Nyuma imeandikwa: glukosi gramu 13.5, chumvi gramu 2.6. Jamani, sukari ile si ya utamu! Mwilini kuna jeni iitwayo SLC5A1, yaani maagizo ya kutengeneza protini fulani, na hufanya kazi hasa katika utumbo mwembamba. Protini hiyo huingiza mwilini ayoni (chembe zenye chaji) mbili za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, pamoja na molekuli moja ya glukosi, na maji hufuata. Kwa hiyo msipunguze maji wala kuongeza sukari. Kasoro: maelezo ni ya Kiingereza tupu, na bibi yake mtoto kule Arua husoma Kiswahili.