Neti ya kufyatuka ya 35,000: zipu hii itanitoa roho

Niaje wadau, leo nipo na hii kitu hapa, neti ya safari ya kufyatuka. Muuzaji pale Makoroboi, hapa Mwanza, kaniambia "kaka hii inajifungua yenyewe", nikacheka hadi nikasahau kuomba kupunguziwa, elfu 35 ikaenda hivyohivyo. Vipimo sisemi, ni ya mtu mmoja, mnaiona.

Cheki. Naiachia... fyaa! Imesimama. Hapo sina ugomvi nayo, wiki jana nilivuka nayo Nansio, kisiwani Ukerewe, gesti haina msumari wala kamba, neti yao ina tundu ngumi inapita, mi nikafyatua yangu juu ya kitanda nikalala. Nikalala wapi sasa! Saa nane usiku mbu anaimba sikioni, tena yuko ndani.

Sogea hapa kwenye zipu. Ina vishikio viwili. Navuta huyu wa kushoto, anakuja, anakuja... kaishia hapa. Wa kulia, kaishia hapa. Katikati yao mnaona? Nachukua biki, inapita. Kidole, kinapita! Nikilazimisha... mmesikia hiyo krrr? Imeng'ata kitambaa. Sasa umetoka kukojoa, umerudi, ufanye haya yote gizani na simu mdomoni, wakati mbu wa malaria, Anofelesi, usiku ndo muda wake wa kazi. Mi niliziba na kibanio cha nguo, hiki hapa, elfu 35 yangu inaokolewa na kibanio.

Halafu haina dawa, nimegeuza lebo mpaka nimechoka. Za kliniki wanazopewa wajawazito zina dawa, hii ukilala mkono umegusa wavu anakung'atia hukohuko nje. Na dawa zinatofautiana jamani, utafiti wa hapo Misungwi tu, matokeo yalitoka 2022, neti zilizoongezwa klorfenapiri, dawa ya pili ya kuua mbu, zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, ukilinganisha na zile za pairethroidi, dawa ya kawaida ya neti, peke yake.



Kuna mdau anakwenda Dar kauliza kuhusu dengi. Ndugu yangu, wa dengi anang'ata mchana, uko Kariakoo unabishania bei, utavaa neti? Paka losheni ya kufukuza mbu yenye DEET, soma kwenye chupa, asilimia 20 kwenda juu, mikono mirefu, basi. Na nyie wageni wa huku, wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi hawang'ati, msiwamalizie dawa.

Mi siirudishi, kusema kweli. Kwa gesti za visiwani inanifaa, ila ukiwa na uhakika wa msumari nunua ya mviringo ya kutundika, yenye dawa, ni rahisi zaidi na haina zipu.

Ngoja niikunje. Unashika hapa, unapinda namba nane, unageu... aah! Taa! Shika taa!