Pet Help Finder, Rehome na ukurasa wa PDSA: ipi inamsaidia kweli mwenye mbwa au paka aliyekwama?

Anayefungua huduma ya mtandaoni ya kumsaidia mwenye mnyama wa nyumbani huwa tayari amebanwa. Mbwa anatapika tangu usiku, mwenye nyumba ametoa notisi, au mfuko wa chakula umeisha na mshahara bado wiki mbili. Hana nafasi ya kusoma historia ya shirika. Kwa hiyo huduma hizi tatu tumezipima kwa swali moja: mtu huyu anaondoka akijua aende wapi, saa ngapi na alipe kiasi gani, au anaondoka na namba kumi za kubahatisha? Kwa kipimo hicho, ukurasa wa PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama wa wenye kipato kidogo, unaongoza. Pet Help Finder ya Marekani, orodha ya watoa msaada, inafuata, na ina mapengo ambayo yangezibika. Rehome, ya Marekani pia, inafanya vizuri kazi yake ya kumtafutia mnyama familia mpya, ila kazi yenyewe huanza pale juhudi nyingine zote zimeshindikana.

Kwanza sababu za watu kuwatoa wanyama wao, maana ndizo zinazoamua programu ijengwe vipi. Mwaka 2015 ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, lilitoa utafiti uliokadiria kuwa zaidi ya kaya milioni moja nchini Marekani huachana na mnyama wao kila mwaka. Wenye kipato cha chini ya dola 50,000 waliulizwa ni msaada gani ungewawezesha kubaki naye. Asilimia 40 walitaja tiba ya bure au ya bei nafuu, 33 nyumba inayoruhusu wanyama, 30 chakula, 30 mahali pa kumweka kwa muda, na 17 msaada wa kulipa amana ya nyumba. Hakuna hitaji lililovuka nusu. Ukijenga programu ya matibabu peke yake, wengi watafika mlangoni kwako na kurudi mikono mitupu. Skrini ya kwanza basi iulize kilichotokea: anaumwa, nyumba, chakula, nalazwa hospitalini, amekamatwa na manispaa. Jina na barua pepe vinaweza kusubiri. Kumtaka mtu mwenye paka anayelia kwa maumivu afungue akaunti kwanza ni kumfukuza.

Pet Help Finder inakaribia hapo. Ni tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu. Unaandika mahali ulipo, unachagua aina ya msaada, kama tiba, chakula au mahali pa kumweka mnyama, kisha inakupa watoa huduma wa karibu. Kuwa na vitu hivyo vyote sehemu moja ni jambo kubwa kwa mtu aliyezoea kurushwa kutoka kliniki hadi kliniki. Kwa anayeishi Marekani, tungemwambia aanzie hapo.

Tatizo lake ni tatizo la kila orodha: huchacha. Kliniki ya bei nafuu hubadilisha siku za kazi, vocha za kuhasi huisha kabla ya mwezi kwisha, ghala la chakula huhamia kanisa la jirani, na ukurasa unabaki na maneno ya mwaka jana. Mtu akiendesha gari saa nzima na kukuta kufuli, safari ya pili hafungi, anampeleka mbwa moja kwa moja kwenye kituo cha kukabidhi wanyama. Anayetengeneza programu ya namna hii aweke mambo matano kwenye kila rekodi na asikubali kuichapisha yakipungua: wanyama wanaopokelewa, eneo linalohudumiwa, uthibitisho wa kipato unaotakiwa, bei ya chini kabisa atakayolipa mteja, na tarehe ambayo mtu alipiga simu kuhakikisha. Hiyo tarehe ionekane kwa msomaji. Rekodi ikipita siku 90 bila kuhakikiwa ishuke chini ya orodha. Ikipita 180 ifichwe. Simu za kuhakiki zipigwe wiki ya kwanza ya mwezi na tena wiki ya mwisho, kwa sababu mfuko uliokuwa na pesa tarehe 3 unaweza kuwa mtupu tarehe 25. Kitufe cha "pamefungwa" kiwekwe wazi, na watu watatu wakikibonyeza rekodi isimame mpaka ihakikiwe upya.

Kuna kosa jingine ambalo tunaliona zito kuliko hilo. Orodha ya kawaida humwonyesha mwenye dharura kliniki ya chanjo inayofunguliwa Jumamosi. Chukua paka dume anayeingia na kutoka kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, analia, mkojo hautoki au unatoka matone. Wengi wenye paka hudhani ni kufunga choo, wanampa mafuta. Kumbe njia ya mkojo imeziba. Potasiamu hupanda kwenye damu, moyo hushindwa, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Mtumiaji akichagua "anaumwa", programu lazima iulize maswali manne kabla ya kuonyesha anwani yoyote: Anajaribu kukojoa bila kufanikiwa? Tumbo limevimba ghafla na anataka kutapika bila kutoa kitu? Anatapika na kuharisha damu, hasa mtoto wa mbwa asiyechanjwa? Ni jike asiyehasiwa, anakunywa maji kupita kiasi na kutokwa na uchafu sehemu za siri? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lifungue kliniki zilizo wazi sasa hivi tu, zenye daktari wa zamu, huku kitufe cha kupiga simu kikiwa juu kabisa.

Hapo ndipo suala la pesa linapoingia, na hapo huduma nyingi huwa bubu. Mtu amefika, amepewa makadirio ya maelfu ya dola, na kinachofuata ni fomu ya kukubali mnyama achomwe sindano ya kufa bila maumivu. Programu nzuri humpa maneno ya kusema mezani: niandikie mpango wa matibabu wa ngazi mbili au tatu, pamoja na ule wa chini unaokubalika kitabibu. Mfano ulio wazi ni parvo, ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha damu watoto wa mbwa. Chuo Kikuu cha Colorado State kilitengeneza utaratibu wa kumtibu mtoto wa mbwa bila kumlaza. Baada ya kutiwa kwanza maji ya mshipani, anapewa maji chini ya ngozi mara kadhaa kwa siku, sindano moja ya cefovecin (dawa ya kuua bakteria), maropitant ya kuzuia kutapika kila siku, na chakula laini kwa bomba la sindano. Katika utafiti wao walipona 80 kati ya kila 100 kwa njia hiyo, dhidi ya 90 waliolazwa. Tofauti ipo, na mwenye mbwa aambiwe. Ila kati ya 80 na sifuri hakuna mjadala. Kliniki inayokubali kutibu hivi inastahili alama yake kwenye orodha, na hatujaona alama ya namna hiyo ikipewa uzito unaostahili.

Mikopo ya matibabu nayo ielezwe kinagaubaga. Kadi za mkopo wa matibabu kama CareCredit hutoa kipindi "bila riba" ambacho kina masharti: salio lisipoisha ndani ya muda uliokubaliwa, riba huhesabiwa tangu siku ya matibabu. Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha iliamuru hadi dola milioni 34.1 zirejeshwe kwa wateja ambao hawakuelezwa hilo vizuri. Programu iweke kikokotoo kidogo: deni gawanya kwa miezi. Dola 900 kwa miezi 6 ni dola 150 kila mwezi, na malipo ya chini yanayoandikwa kwenye bili hayatoshi kulimaliza kwa wakati.

Ukurasa wa PDSA unakwepa mengi ya matatizo haya kwa sababu shirika lina hospitali zake lenyewe. Lilianzishwa na Maria Dickin jijini London mwaka 1917 ili kuwatibu wanyama wa maskini, na mpaka leo linauliza mambo mawili ya msingi: unaishi wapi, na unapokea ruzuku gani ya serikali. Unaandika msimbo wa posta, unachagua ruzuku yako, unajibiwa kama unastahili au hustahili. Kukataliwa ukiwa umekaa kwenye kochi lako kunauma kidogo kuliko kukataliwa mapokezini na mbwa mikononi. Upungufu upo: anayefanya kazi ya mshahara mdogo bila ruzuku, au anayeishi nje ya eneo la hospitali, anaachwa nje. Lakini anajua mapema na anatafuta kwingine. Ushauri wetu kwa watumiaji ni kuandaa barua ya ruzuku na uthibitisho wa anwani wakati mnyama bado mzima.

Rehome ni ya Adopt a Pet. Inakuwezesha kumtafutia mnyama wako familia mpya huku akiendelea kukaa kwako. Unatengeneza ukurasa wake wenye picha, unajibu maswali ya tabia na afya, watu wanaomba, unachagua wa kukutana naye, mnakabidhiana kwa mkataba. Tunaipenda kwa sababu mnyama hapiti kwenye banda la kituo, na anayemjua ndiye anayemwelezea. Wengi huharibu kwenye maelezo. Kuandika "mbwa mzuri, mpole" hakumsaidii mtu. Andika anavyokuwa akiachwa peke yake kwa muda wa saa nne, akikutana na paka, mtoto akigusa bakuli lake. Ukificha kwamba aliwahi kuuma, atarudishwa, na safari hii akiwa na rekodi mbaya zaidi. Jambo linalosahaulika sana ni chipu, kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama: kukabidhi kadi ya chanjo hakubadilishi usajili wa chipu. Jina la mwenye mpya lisipoingizwa kwenye kampuni inayotunza namba hiyo, mbwa akipotea simu italia kwako.

Hata hivyo Rehome hatuipi nafasi ya mlango wa kwanza. Mtu aliyebonyeza "nataka kumtoa" kwa sababu ya kulazwa wiki sita anahitaji mlezi wa muda. Nchini Uingereza, shirika la mbwa la Dogs Trust lina mradi wa Freedom tangu 2004, unaowatafutia walezi mbwa wa watu wanaokimbia ukatili wa nyumbani, na ni kielelezo kizuri cha kufuata. Mkataba wa kulea kwa muda utaje tarehe ya kuanza na kuisha, anayelipa matibabu na kikomo chake, namba ya mtu wa pili wa kupigiwa, na siku ngapi za ukimya ndipo umiliki upotee. Ukiacha hicho cha mwisho wazi, ugomvi hauepukiki. Na pale mkimbizi wa ukatili anapohusika, anwani ya mlezi isionekane kwenye programu kabisa, wala picha ya mbwa isibebe alama ya mahali ilipopigwa.

Jambo moja hatujaona programu iliyolifikia bado. Mwaka 2013 shirika la Downtown Dog Rescue lilianza kumweka mshauri kwenye kituo cha wanyama cha South Los Angeles, akizungumza na watu waliokuja kukabidhi wanyama wao na kulipia kilichokwamisha: faini ya kumkomboa mbwa, kuhasi, dawa, uzio uliobomoka. Uzio hauna kundi kwenye orodha yoyote kati ya hizi. Ni mtu anayeuliza "kimetokea nini?" ndiye anayeugundua. Programu iwe na binadamu nyuma yake mwenye ruhusa ya kulipa bili ndogo siku hiyo hiyo, na malipo yaende moja kwa moja kwa kliniki au fundi.

Anayetaka kujenga kitu kama hiki Nairobi au Dar es Salaam asinakili tu. Utafutaji kwa msimbo wa posta haufai. Tumia kata na alama inayojulikana, kama stendi au soko. Iende pia kwa USSD na SMS, kwa sababu bando likiisha ndipo shida huzidi. Malipo yapitie M-Pesa kwenda namba ya malipo ya kliniki, na mchangiaji apate ujumbe wenye jina la kliniki hiyo. Chakula cha dukani si kikwazo kikuu pale ambapo mbwa wengi hula ugali na dagaa. Kinachotafutwa zaidi ni chanjo ya kichaa cha mbwa na kuhasi, kabla mbwa mmoja hajawa saba ambao familia haiwezi kuwalisha. Rekodi ya kwanza kwenye programu hiyo iwe tarehe na uwanja wa kampeni ijayo ya chanjo, ikitumwa kwa SMS siku mbili kabla, na ikumbushe: mbwa afungwe kamba, paka aingizwe kwenye kikapu au gunia linalopitisha hewa, aje na mtu mzima anayeweza kumshika.