Daftari la maombi lenye sehemu nne: maombezi limepatia, maombolezo limeyasahau

Hili daftari nalitumia muda sasa na karibu linaisha, kwa hiyo naandika nikiwa nalijua vizuri. Ni yale ya maombi ambayo kila siku ina peji yake, na peji imegawanywa sehemu nne, sifa, toba, shukrani halafu mahitaji, na kule nyuma kuna kurasa za kuandika majina ya watu unaowaombea.

Mpangilio naukubali kabisa. Wengi wetu tukipiga magoti tunaanza na nipe, nipe kazi, niponye, mfungulie mwanangu njia, amina, tushaondoka. Daftari linakutuliza kwanza mbele za Mungu mwenyewe kabla hujafika kwenye shida zako, na ndivyo Yesu alivyowafundisha wanafunzi wake kwenye Mathayo 6, jina lake litukuzwe, ufalme wake uje, mapenzi yake yatimizwe, riziki ya leo ndo inafuata baada ya hapo. Sehemu ya toba wamekupa mistari mitatu tu na inatosha, maana kwa nafasi ndogo hivyo huwezi kujaza maneno, unaandika kitu chenyewe, nimemjibu vibaya mama, nimemsema mwenzangu pembeni, basi. Hiyo ni tofauti kubwa sana na ile nisamehe dhambi zangu zote ya juu juu ambayo mtu anaisema huku hajui hata anatubu nini.

Ila utamu wa hili daftari uko kwenye kurasa za majina. Kuna safu ya jina, ya ombi na ya tarehe, na ukishamwandika mtu humsahau tena, kila ukifungua yuko pale. Yaani ile ahadi tunayopeana kila siku ya "nitakuombea" hapa inakuwa kweli. Kuna mtu nilikuwa na kinyongo naye nikamwandika kwa shingo upande, na kadri nilivyokuwa nalitaja jina lake mbele za Mungu ndivyo ilivyokuwa ngumu kuendelea kumchukia. Yeye hajui mpaka leo.

Sasa tatizo. Mwisho wa kila mstari wameweka vibox viwili, limejibiwa ndiyo, limejibiwa hapana. Niliandika ombi la uponyaji wa ndugu yangu wa karibu, tukaomba, tukafunga, akafariki. Nikakaa na kalamu mkononi nimeangalia vile vibox. Niweke tiki wapi? Nikiweka hapana ni kama nasema Mungu hakusikia na mimi siamini hivyo hata kidogo. Ukisoma 2 Wakorintho 12 Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa neema yangu yakutosha, na Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke na akakinywa. Hayo maombi yanaingia kibox gani? Maombi siyo fomu unayopeleka halafu unasubiri igongwe muhuri, ni kuwa na Baba, na kuna siku unakuwa naye huku unalia na jibu hulioni.

Na hapo ndo pengo lingine, hakuna mahali pa kulia. Zaburi walizochapa juu ya kurasa ni za shangwe na tumaini tu, ya 23, ya 100, ya 103, nzuri zote nazipenda, lakini Zaburi zipo 150 na nyingi kati yake ni kilio. Ya 13 inauliza hata lini mara nne kabla haijafika kwenye kuimba, ya 88 inaishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia, ni sala halali. Mtu aliyefiwa akifungua peji akakuta anatakiwa aanze na sifa, ataandika kitu ambacho moyo haukisemi, na mimi naona ni bora akae kimya tu, Warumi 8 imesema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo mimi vile vibox nimeacha kuvijaza, pembeni naandika tarehe na kilichotokea, na siku nzito naruka sehemu zote nne nanakili zaburi ya kilio peji nzima.

Kama ndo unaanza kujijengea nidhamu ya kuomba, lichukue, litakusaidia sana. Kama uko kwenye msiba tafuta daftari tupu lisilo na sehemu yoyote, hili utarudi kwake baadaye. Karatasi ni nyepesi, wino unatokea upande wa pili, tumia penseli. Kava ni gumu na halijachanika. Utepe wa kuwekea alama wameweka mmoja, waongeze wa pili maana kila saa unahama kati ya peji ya leo na majina ya nyuma. Nyota 3 kati ya 5, wakiondoa vile vibox naongeza moja.